Buibui wa Kila Alhamisi

"Sikumwekea mtu buibui," Dalton Pascoe alisema. "Uniulize leo, uniulize kesho, jibu ni hilo hilo."

"Sijakuuliza habari za buibui," Sajenti Corrie Tranter akasema. "Nimekuuliza juzi jioni ulikuwa wapi."

"Nyumbani."

"Jirani ameiona pikapu yako mlangoni kwa baba yako mkubwa. Nyekundu, taa moja ya nyuma imevunjika. Wollabar nzima kuna pikapu ngapi za namna hiyo?"

Dalton akatazama dari. Alikuwa mtu mnene, mikono yake imejaa makovu ya oveni, mwenye mgahawa mdogo karibu na stesheni ya treni. Chumba cha mahojiano kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Hita ilikuwa imekufa tangu Juni, na sasa ni Julai, kipindi ambacho upepo wa Wollabar unapita hata chini ya mlango.

Corrie hakumharakisha. Mambo yaliyomleta mtu huyu kwenye kiti kile yalikuwa machache na mabaya. Jana asubuhi Dalton alipopita kumwangalia mzee alipiga simu ya dharura kwa simu yake ya mkononi, akisema baba yake mkubwa, mzee Alwyn Pascoe, yuko chini jikoni, anatoka mapovu. Mzee alikuwa ameumwa na buibui wa faneli, yule mweusi mwenye utando kama faneli ya kumiminia mafuta, ambaye sumu yake ni ya kuua. Hospitali ilimwahi kwa dawa. Mezani jikoni palikuwa na chupa tupu ya jamu, kifuniko kando yake, na kwenye chupa hiyo alama za vidole vya Dalton. Buibui mwenyewe askari walimkuta chini ya friji, wakamfunika kwa bakuli.

"Buibui hafungui kifuniko," Inspekta Hadley alisema alipoona ripoti, na kwa upande wake kesi ilikuwa imekwisha. Jirani alisikia ugomvi. Dalton ndiye mrithi. Na mzee, alipoulizwa kitandani kama mtoto wa mdogo wake ndiye aliyefungua chupa ile, alijibu neno moja: "Sikumbuki." Hadley alitaka mashtaka ya kujaribu kuua yasomwe leo hii kabla mahakama haijafungwa.

"Dalton," Corrie akasema, "ukinidanganya kwenye pikapu, nitaamini nini tena?"

"Nilinyang'anywa leseni," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikutwa nimekunywa. Siruhusiwi kushika usukani. Na wiki ijayo mahakama inaamua Tamsin anakaa na nani, mimi au mama yake. Nikuambie niliendesha gari ili iweje? Nimpoteze binti yangu kwa safari ya kupeleka chupa?"

"Chupa gani?"

"Chupa tupu. Za jamu, za matango ya siki. Namkusanyia mgahawani. Sanduku zima lilikuwa limejaa. Kwa hiyo usishangae vidole vyangu kuwepo. Vimo kwenye kila chupa ya nyumba ile."

"Na ugomvi?"

"Nilimwambia auze nyumba aje akae karibu nasi. Mzee wa umri ule, peke yake, porini kule. Unajua alinijibu nini? 'Nikija huko nitapata wapi buibui?'"

"Alikuwa anatania?"

"Baba mkubwa hatanii, Sajenti. Alikuwa gadi wa treni."

Corrie akaegemea kiti. "Nimeingia nyumba ile. Jikoni, chumbani, sebuleni. Nimeona chupa moja."

"Basi hukutazama vizuri."

"Nilitazama vizuri."

Wakatazamana. Dalton ndiye aliyekunja uso kwanza, na haukuwa uso wa mtu aliyenaswa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa jikoni kwake haupo.

"Lakini nimempelekea chupa tangu wakati wa joto," akasema. "Atakuwa amezifanya nini?"

*

Kliniki ya wanyama ya Wollabar ndiyo iliyopokea buibui na kupe wa mji mzima. Haikuwa kazi yake, ila kituo cha utafiti kilikuwa mbali, na watu walihitaji mahali pa kukabidhi. Walifundishwa namna ya kumnasa buibui kwa chupa na kijiko kirefu, wamwekee udongo wenye unyevu asikauke, watoboe kifuniko, waje. Wakati wa joto, baada ya mvua, foleni ilifika barabarani: wajenzi, walimu, mabibi wenye mikoba, kila mmoja na mauti yake ndani ya chupa ya jamu. Julai palikuwa na benchi tupu, na mwanamke mmoja nyuma ya kaunta akisuka sweta.

"Mpenzi wangu, kama ni paka, daktari yuko kwenye upasuaji," Merle Quigg akasema bila kuinua macho.

"Ni polisi."

"Aa. Yule polisi mpya."

"Nina mwaka hapa."

"Ndiyo hivyo, mpya. Na hujawahi kuingia humu hata siku moja. Napita kwako naona taa inawaka, najiambia, huyu mama ana nini?"

"Sina mnyama," Corrie akasema.

"Kwani nimekuuliza mnyama?"

Corrie akaomba kumwona mtafiti. Alijua yupo, maana ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi Dokta Ishani Weerakoon alikuja na gari la kituo kuchukua vilivyoletwa. Alikuwa chumba cha nyuma, mwanamke mfupi mwenye miwani, amevaa koti la baridi ndani ya nyumba. Mbele yake palikuwa na kisanduku ambacho polisi walimletea asubuhi. Ndani yake alikuwemo buibui wa kesi.

"Anaendeleaje?" Ishani akauliza kabla ya salamu.

"Buibui?"

"Alwyn!"

"Yuko hai. Anaongea kidogo. Haongei ninachotaka."

Ishani akavuta pumzi. "Dawa aliyochomwa inatokana na hawa. Tunawakamua sumu, tunapeleka ikatengenezwe. Bila watu kutuletea hakuna dawa. Kuna uwezekano amepona kwa sumu ya buibui wake mwenyewe, yeye ndiye anayetuletea kuliko wote."

"Nieleze habari zake."

Aliyejibu ni Merle, ambaye alikuwa ameshaacha sweta na kusimama mlangoni. "Alianza na kupe. Mbwa wake, Moss, alikufa kwa kupe. Mguu wa nyuma ukalegea, wa mbele ukalegea, alipomleta hapa alikuwa hapumui. Alikaa kwenye benchi lile na kamba ya mbwa mkononi mpaka tukafunga. Wiki iliyofuata akaja na kupe kwenye kichupa. Amekokota blanketi jeupe kwenye nyasi kama tulivyofundisha, kupe wakang'ang'ania. Toka siku hiyo hajakosa Alhamisi. Kikombe chake kile pale, hakiguswi. Anakaa mpaka Ishani anaondoka, wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Treni," Ishani akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Na buibui. Baba yangu alifanya kazi reli, kwetu Kandy. Tunabishana treni za nani zilichelewa zaidi."

"Na majira haya ya baridi, kupe wapo?"

"Wachache mno. Ndiyo maana alihamia kwenye buibui."

"Na buibui wapo?"

Ishani akasimama. Akamwonyesha ramani ukutani. Ilikuwa imejaa pini nyekundu za wakati wa joto, bonde zima, kama mtu mwenye surua. Pini za bluu, za baridi, zilikuwa zimejikusanya sehemu moja tu, mwisho wa barabara ya Alwyn.

"Tunataka madume," akasema. "Sumu yao ndiyo kali. Majike wanakaa shimoni miaka, madume hutoka kutafuta jike wakati wa joto na mvua. Julai hawatembei. Hatupati hata mmoja. Isipokuwa toka kwa Alwyn."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa sana! Nilifurahi. Nikasema bonde lile lina joto lake, au majira yanageuka. Mwezi ujao nasimama mbele ya wenzangu Sydney kulieleza hilo."

Corrie akakielekezea kisanduku kidole. "Huyu naye ni dume?"

"Dume kabisa."

"Mtazame kama hujawahi kumwona. Sahau ametoka kwa nani. Niambie unachoona."

Ishani akavuta taa karibu, akainama. Merle akasogea naye, kisha akafikiri vizuri akarudi nyuma.

"Mzee. Vinyweleo vya miguu vimeisha. Huyu hakukomaa juzi." Akasogeza uso karibu zaidi. "Amenona."

"Ni ajabu?"

"Dume akianza safari ya kutafuta jike, kula si kazi yake tena. Anatembea mpaka anakonda, anakufa. Huyu ana tumbo la..." Akaacha. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. "Wote walikuwa wamenona."

"Akina nani?"

"Aliowaleta. Tangu baridi ianze. Nilisema tu chakula kimekuwa kingi."

"Alikuwa analeta wangapi kwa wiki?"

"Mmoja," Ishani akasema. "Kila wiki mmoja."

Corrie akachukua kofia yake. Ishani alikuwa ameshatoa glavu na koleo ndefu kwenye begi.

"Usiende peke yako," akasema. "Kama ninachofikiri ndicho unachofikiri, usiguse chupa yoyote kabla yangu."

*

Nyumba ya mzee Alwyn ilikuwa ya mbao, ya mwisho kabisa kabla ya msitu. Nyuma ya mlango wa jikoni palitundikwa kamba ya mbwa, ngozi yake imepakwa mafuta hivi karibuni. Kwenye meza palikuwa na kiti kimoja. Kingine kilikuwa kimeegeshwa ukutani na juu yake kumewekwa redio.

Corrie akasimama pale mzee alipoangukia.

"Mnawafundisha nini mtu akiumwa?"

"Funga bendeji mkono mzima, ikaze. Lala. Piga simu," Ishani akajibu kama anayesoma sala. "Usitembee hata hatua moja isiyo ya lazima. Ukitembea unaisambaza sumu."

"Watu wa gari la wagonjwa wanasema bendeji ilifungwa kitaalamu, na ndiyo iliyomfikisha asubuhi. Toka vidoleni mpaka begani, imebanwa kwa pini, na aliyefunga ametumia mkono mmoja na meno. Maana yake alijifunga mwenyewe. Alikuwa na akili zake na alikuwa na muda."

"Sawa."

"Simu ile pale ukutani. Angenyoosha mkono tu. Haikuguswa."

Ishani akaitazama simu.

"Sasa soksi," Corrie akasema. "Alivaa soksi za sufu, bila viatu. Nimezitazama hospitali. Nyayo zote tope, na mbegu za nyasi zimeshika mpaka kwenye vifundo. Mtu anayejua kwamba kutembea ni kifo alitoka nje na soksi, kwenye baridi ile, si mara moja. Angekuwa amewekewa buibui na adui, angekimbilia simu amtaje. Huyu alikuwa na kazi ya kumaliza kwanza."

Wakaingia chumbani. Kitanda kilitandikwa kikazi, shuka imevutwa kama ngoma. Nguo zilikuwa zimerundikwa juu ya sanduku kwenye kona, suti, makoti, sare ya zamani ya reli. Jana Corrie aliona rundo lile akadhani ni uzembe wa mzee mjane. Sasa alijiuliza swali jingine: mtu anayetandika kitanda namna ile, kwa nini nguo zake hazimo kabatini?

Kabla hajashika mpini wakasikia sauti. Kri, kri, kri. Ikatulia. Ikaanza tena.

"Nyenje," Ishani akanong'ona.

"Nyenje huimba Julai?"

"Asipokuwa kwenye joto, haimbi."

Corrie akafungua kabati. Harufu ya udongo mbichi ikawapiga usoni. Hapakuwa na nguo hata moja. Palikuwa na hita ndogo sakafuni, bado inawaka, na rafu za mbao zilizopigiliwa mpya kutoka chini mpaka juu. Rafu zilikuwa tupu. Lakini kila moja ilikuwa na alama za miviringo kwenye vumbi, safu kwa safu, ukubwa wa kitako cha chupa ya jamu. Kwenye kona ya chini kilikuwepo kisanduku cha kadibodi kilicholegea, cha nyenje wa kulishia, na nyenje mmoja aliyesahaulika alikuwa akiimba peke yake mle ndani.

Ishani akakaa kwenye kitanda.

"Hilo blanketi lake jeupe la kupe," Corrie akauliza, "huwa analiweka wapi?"

"Kwenye kamba. Daima. Likikunjwa likiwa na unyevu linaota ukungu. Aliwahi kumgombeza mwalimu mzima kwa kosa hilo."

Dirishani kamba ya kuanikia ilionekana, vibanio vyake viko vitupu vinachezeshwa na upepo.

Walilikuta blanketi bandani, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Lilikuwa limetandazwa juu ya kitu, bichi, limeanza doa la kijani. Ishani alivaa glavu, akalishika pembe, akalivuta taratibu.

Chupa. Za jamu, za matango, za asali. Zilipangwa sakafuni karibu karibu, za mbele kwa mstari ulionyooka, za nyuma kwa mstari wa kuyumba, na za mwisho zimeachwa tu popote mkono ulipochoka. Kila kifuniko kimetobolewa. Kila chupa na udongo wake, na juu ya udongo dume mmoja mweusi, wengine wamejikunja na baridi, wengine wamekufa, wengine bado wanainua miguu ya mbele kuutisha mwanga.

Ishani alipiga magoti akazipitia moja moja kwa tochi. Ilimchukua muda. Corrie alisimama mlangoni akauzuia upepo kwa mgongo wake.

"Ni wa Machi," Ishani akasema hatimaye. "Ile wiki ya mvua kubwa. Madume walitoka kama siafu. Atakuwa aliwakamata wote siku zile." Sauti yake ikapanda. "Mimi nilikuwa naomba watu redioni! Machi yote! Tulikuwa hatuna sumu ya kutosha, na yeye anao kabatini! Na mimi naweka pini za bluu. Ningesimama Sydney niwaambie watu nini? Uongo!"

"Ndiyo."

"Lakini kwa nini? Angewaleta wote pamoja, ningemshukuru mno. Tungeandika jina lake."

"Ungemshukuru mara moja," Corrie akasema.

Ishani akabaki amepiga magoti katikati ya chupa, tochi inamulika ukuta usio na kitu.

"Juzi jioni alikuwa anamwandaa huyu wa leo," Corrie akaendelea, maana maneno ya kazi yalikuwa rahisi zaidi. "Anamlowanishia udongo. Jioni ile wamegombana na Dalton, labda mkono haukutulia. Akaumwa. Akafunga bendeji. Akakumbuka kwamba watu wa gari la wagonjwa watapita chumbani, wataona kabati, na Alhamisi habari itakuwa imefika kwako. Kwa hiyo akahamisha kwanza. Safari baada ya safari, mkono mmoja umefungwa. Akafunika. Aliporudi jikoni kwenye simu, miguu ilikuwa imeisha."

"Angekuja tu," Ishani akasema. "Hata bila buibui. Merle angempa chai. Angekuja mikono mitupu."

Corrie akatoka uani kumpigia Hadley.

"Nadharia nzuri," Inspekta akasema alipomaliza kusikiliza. "Na chupa ina vidole vya nani? Vya kijana. Nataka maneno ya mzee mwenyewe, na sahihi yake. Akiendelea na 'sikumbuki' yake, Dalton anasomewa leo."

*

Walimpa mzee Alwyn kitanda cha dirishani. Chini ilipita reli. Alikuwa mrefu, mkavu, amenyolewa na nesi upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Kwenye kimeza chake hapakuwa na ua, wala tunda, wala kadi.

"Sikumbuki," akasema alipomwona Corrie.

"Sijauliza."

"Basi nimekuokolea muda."

Corrie akavuta kiti. "Kulikuwa na nyenje amebaki kabatini. Nimemtoa."

Treni ikapita. Mzee akaisikiliza mpaka behewa la mwisho, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwenzake.

"Nani mwingine ameona?"

"Ishani."

Akafumba macho. Mkono wake mzima ukashika shuka, ukaiachia, ukaishika tena.

"Ungeweza kuniachia hilo moja," akasema.

"Dalton yuko ndani."

"Mtamtoa. Kijana hakufanya kitu, hata kipofu anaona. Ninyi polisi mna njia zenu."

"Tuna njia moja, mzee Alwyn. Ni wewe ukumbuke. Usipokumbuka, leo anasomewa shtaka la kutaka kukuua, na wiki ijayo wanamnyima Tamsin."

Macho yakafumbuka. "Tamsin? Tamsin ana nini?"

"Mahakama inaamua anakaa na nani. Hakukwambia?"

"Hakuna anayeniambia kitu." Akasema bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa. "Anakuja, anashusha chupa, gari linanguruma nje. Juzi ndiyo mara ya kwanza alikaa, na alikaa ili tugombane." Akageukia dirisha. "Kile kibinti huwa kinanitumia picha za buibui. Wote wana miguu sita. Nimemwambia nane, nane, wapi!"

Corrie alisubiri. Alikuwa na kalamu mkononi, karatasi gotini.

"Andika," mzee akasema.

Alieleza yote kwa mpangilio, kama ratiba ya treni. Mvua ya Machi, madume uani, kwenye bwawa la kuogelea la jirani, ndani ya viatu. Alileta mmoja wiki ya kwanza, akanuia kuleta waliobaki wiki ya pili. Wiki ya pili alipofika, Ishani akamuuliza, "Leo umeniletea nini, Alwyn?" naye akajikuta anatoa mmoja. Basi ikawa hivyo. Alisema alijua kuna watu wanaitegemea sumu ile. Alisema ameliwaza hilo kila alipofungua kabati, na kila alipofungua alilifunga. Juu ya jioni ile alisema kama Corrie alivyodhani, isipokuwa jambo moja: mkono haukutetemeka kwa ajili ya ugomvi. Alikuwa anaongea na buibui, akasahau anaongea na nani.

"Kifuniko alifungua nani?"

"Mimi. Andika kwa herufi kubwa. Mimi, Alwyn Pascoe."

Corrie akamsomea, mzee akarekebisha sehemu moja, akaweka sahihi kwa mkono usiofungwa, herufi zimelala kama majani baada ya mafuriko. Corrie akatoka korido, akampigia Hadley, akamsomea tena. Hadley akaguna. "Haya. Namwachia. Ya leseni atajibu mwenyewe."

Corrie aliporudi kuchukua koti lake, mzee hakuwa amebadili mkao.

"Wamemtoa?"

"Anatoka sasa hivi."

"Na Ishani amesemaje?"

"Amekasirika. Anazing'oa zile pini."

"Ana haki."

"Halafu akasema ungekuja tu. Hata mikono mitupu. Merle angekupa chai."

Mzee Alwyn akalifikiria hilo kwa makini, akaligeuza upande huu na upande ule, kama jambo jema lakini lenye kasoro ambayo wenye elimu hawakuiona.

"Na mlangoni ningesema nini?" akauliza.

Chini, reli ilikuwa tupu. Nesi alipita na kigari cha chakula, akaacha sahani moja, akaenda zake. Taarifa ilikuwa imeandikwa, imesainiwa, na imo mfukoni. Kazi ya Corrie pale ilikuwa imekwisha. Alikuwa na koti mkononi na funguo za gari kidoleni, na nyumbani taa aliyoiacha ikiwaka asubuhi.

Akaliweka koti kwenye kitanda. Akakaa. Akaitoa kalamu tena mfukoni, akaifungua.

"Hebu turudie pale pa soksi," akasema.